Kusikiliza Bebopu ya Jukwaani: Mwongozo Kamili wa Rekodi za Wakongwe wa Saksafoni

Mtu anayeisikia bebopu kwa mara ya kwanza hulalamika kwamba noti ni nyingi, zinakwenda mbio, na hajui zinaelekea wapi. Lalamiko hilo lina sababu moja: ameanza kwa kuifuata saksafoni. Mpulizaji anajenga juu ya msingi ambao haupigi yeye. Anayeushika msingi huo ni mpiga besi, na msikilizaji aliyemkamata mpiga besi huanza kumwelewa mpulizaji bila kulazimisha. Mwongozo huu umepangwa hivyo, kuanzia chini kwenda juu.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa jina. Afrika Mashariki neno jazz limeshikamana na bendi za dansi: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Nuta Jazz. Ule ni muziki wa kuchezwa, na saksafoni, ile ambayo mashabiki wa dansi wanaiita mdomo wa bata, humo hujibizana na magita na waimbaji. Bebopu ni kitu kingine. Ilichipuka New York mwanzoni mwa miaka ya 1940, hasa Harlem kwenye klabu ya Minton's Playhouse, mikononi mwa Charlie Parker na saksafoni yake ya alto (aina ndogo yenye sauti ya juu), Dizzy Gillespie na tarumbeta, Thelonious Monk na Bud Powell kwenye piano, Kenny Clarke na Max Roach kwenye drams. Watu walikaa wakasikiliza. Wapigaji tutakaowafuata hapa walijifunza wakiwa vijana katika zama hizo au mara tu baada yake, kisha wakarekodiwa jukwaani wakiwa na umri mkubwa.

Andaa vifaa

Tumia hedifoni za waya ukiweza, na uzime kile kitufe cha kuongeza besi. Kikiwaka, besi inavimba na kuwa ngurumo. Huwezi tena kutofautisha noti moja na nyingine, na noti za besi ndizo utakazozihesabu.

Angalia masikio yote mawili ya hedifoni yanafanya kazi. Katika rekodi nyingi za stirio ala zimegawanywa kushoto na kulia, kwa hiyo sikio moja likifa unaweza kumkosa mpiga drams mzima bila kujua. Simu nyingi, kwenye mipangilio ya huduma za watu wenye shida ya kusikia, zina chaguo la kuunganisha sauti zote ziwe mono. Liwashe kama hedifoni yako ni mbovu upande mmoja.

Kuhusu bando: wimbo wa jukwaani huchukua dakika 12 hadi 20. Kwa ubora wa kbps 320 utatumia takriban MB 2.4 kwa dakika, yaani MB 48 kwa wimbo wa dakika 20. Kwa kbps 96 wimbo huohuo ni MB 14 na kidogo, lakini ubora wa chini huanza kwa kuharibu sauti kali za juu, na humo ndimo yanamokaa matoazi. Yakiharibika yanasikika kama maji yanayochemka, na utakuwa umepoteza saa yako ya kuhesabia. Kwa kuwa utaurudia wimbo mmoja mara kumi au zaidi, upakue mara moja kwa ubora wa juu badala ya kuucheza mtandaoni kila siku.

Jifunze umbo kama unavyojua ubeti

Anayejua mashairi ya Kiswahili ameshafika nusu ya safari. Mshairi anapewa bahari, idadi ya mizani na mpangilio wa vina. Ndani ya mipaka hiyo anatunga maneno mapya. Mpiga bebopu anafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba anatunga papo kwa papo, mbele ya watu. Wimbo una urefu usiobadilika na mfuatano wa kodi usiobadilika, kodi ikiwa ni noti tatu, nne au zaidi zinazosikika kwa pamoja. Mfuatano huo ukiisha unaanza upya, tena na tena, hadi mwisho wa wimbo. Mzunguko mmoja tuuite ubeti.

Umbo linalokutwa mara nyingi ni la vipimo 32, kila kipimo kikiwa na mapigo manne. Ubeti huo unagawanyika katika mishororo minne ya vipimo vinane. Mshororo wa kwanza, wa pili na wa nne una muziki uleule. Wa tatu unabadilika. Katika tarbia tumezoea kituo kuwa ndicho kinachoachana na wenzake, kwa hiyo hapa sikio litashtuka kidogo: mgeni anakuja katika mshororo wa tatu, kisha nyumbani kunarudi. "'Round Midnight" ya Monk imejengwa hivyo.

Umbo la pili ni bluzi ya vipimo 12, mishororo mitatu ya vipimo vinne. Katika kipimo cha 5 kodi inahama kutoka nyumbani, yaani inaiacha ile ya mwanzo wa ubeti, kwa kawaida cha 7 inarudi, cha 9 inakwenda mbali zaidi, cha 11 inarudi kujiandaa kwa ubeti mpya.

Anza na bluzi, kwa sababu ni fupi. Parker alirekodi "Billie's Bounce" na "Now's the Time" siku moja, tarehe 26 Novemba 1945, na zote ni bluzi za vipimo 12. Zisikilize hadi uweze kuziimba, kisha tafuta "Billie's Bounce" ya mpiga saksafoni Dexter Gordon kutoka klabu ya Jazzhus Montmartre, Copenhagen, mwaka 1964. Mpiga besi ni Niels-Henning Ørsted Pedersen, wakati huo bado hajatimiza miaka 20, na besi yake ina noti zilizokatika vizuri, rahisi kuzifuata.

Hesabu kwa kufuata besi

Besi katika bebopu inatembea: noti moja kwa kila pigo, bila kuruka. Gonga mguu nayo. Halafu hesabu kama wanamuziki wanavyohesabu, namba ya kipimo ikichukua nafasi ya "moja": moja-mbili-tatu-nne, mbili-mbili-tatu-nne, tatu-mbili-tatu-nne, hadi kumi na mbili kwa bluzi au thelathini na mbili kwa umbo refu. Ukifika mwisho, kunja kidole kimoja na uanze tena. Kila kidole ni ubeti mmoja.

Pima mwendo: hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukijua mwendo unajua ubeti utachukua muda gani. Vipimo 32 ni mapigo 128. Kwa mwendo wa mapigo 240 kwa dakika, ubeti unaisha kwa sekunde 32. Kwa mapigo 200, sekunde 38. Kwa wimbo wa taratibu wa mapigo 60, dakika 2 na sekunde 8. Bluzi ya vipimo 12 kwa mapigo 160 ni sekunde 18 kamili. Hesabu yako ikiachana na namba hizo, umepotea mahali fulani.

Na utapotea. Makosa yanayowapoteza watu ni yaleyale manne.

La kwanza: unahesabu "moja" pale mpulizaji anapoanza. Wapulizaji wa bebopu huingia mapigo mawili au matatu kabla ya kipimo cha kwanza, kama msemaji anayedakia kabla mwenzake hajamaliza. Moja iko kwenye mabadiliko ya kodi, kwa hiyo isubiri besi na piano.

La pili: unafuata dramu la mguu. Katika muziki wa dansi dramu hilo linatunza mwendo. Kenny Clarke aliuhamisha mwendo kwenye toazi la mkono wa kulia, ting, ting-ti-ting, akauacha mguu huru kupiga milipuko ya ghafla ambayo wapigaji wenyewe waliiita mabomu. Bomu linaanguka popote. Ukitaka saa ya pili baada ya besi, tafuta matoazi pacha yanayofungwa kwa mguu wa kushoto kwenye pigo la 2 na la 4. Ukipiga makofi, piga hapohapo.

La tatu: wimbo wa taratibu unaonekana umeongeza kasi maradufu. Wapigaji wanagawa kila pigo mara mbili kwa ladha, lakini kodi zinaendelea kubadilika kwa urefu uleule. Endelea na hesabu yako ya awali.

La nne ni makofi ya ukumbini. Hadhira hushangilia solo, yaani zamu ya mpigaji mmoja kutunga papo kwa papo, inapoisha, na ubeti wa kwanza wa mpiga piano unazama ndani ya kelele. Usiache kuhesabu, kelele zikipungua utajikuta mahali pake.

Tenga siku tatu au nne kwa hatua hii peke yake, dakika 20 kila siku, kwa wimbo uleule mmoja. Wengi wanairuka, kisha wanarudi kusema muziki huu ni mgumu.

Ujue wimbo uliojificha

Mara nyingi bebopu iliweka sauti mpya juu ya kodi za wimbo ambao umeshajulikana. "Ornithology" ya Parker imekaa juu ya "How High the Moon". "Ko-Ko" imekaa juu ya "Cherokee" ya Ray Noble, wenye vipimo 64. "Anthropology" na nyingine nyingi zimekaa juu ya "I Got Rhythm" ya George Gershwin ya mwaka 1930. Ni mshairi yuleyule anayetunga upya juu ya bahari ya mwenzake.

Kwa hiyo, kabla ya kusikiliza solo, tafuta wimbo wa asili ukiwa umeimbwa na mtu, uusikilize mara tano, na uuimbe kimoyomoyo wakati saksafoni inapiga solo. Maneno yatakaa sawa na kodi. Hakuna zoezi linalofungua masikio haraka kuliko hili. Dexter Gordon mwenyewe alikuwa na desturi ya kuyasoma maneno ya wimbo wa taratibu mbele ya hadhira kabla ya kuupiga, kwa sauti yake nzito, bila haraka. Alikuwa anaupa ukumbi ufunguo. Upokee.

Mfuate mpulizaji sasa

Usirukie wimbo mzima. Chukua beti mbili za kwanza za solo, kama dakika moja na nusu hivi, uzirudie.

Mara ya kwanza sikiliza pumzi tu. Saksafoni haitoi sauti bila pumzi, kwa hiyo kila sentensi ina mwisho. Andika kwenye karatasi idadi ya vipimo vya sauti, kisha vya kimya: 5 sauti, 1 kimya, 3 sauti, 2 kimya. Parker alivuka mipaka ya mishororo kwa makusudi. Alianza sentensi katikati ya mshororo mmoja akaimaliza ndani ya mwingine. Karatasi yako itakuonyesha jambo ambalo sikio peke yake lilikuwa halijaona.

Mara ya pili sikiliza noti zinatua wapi. Kwa mwendo wa mapigo 240, mpulizaji anayepiga noti mbili kwa kila pigo anatoa noti 8 kwa sekunde. Zinawezaje kusikika zimenyooka? Ngazi ya kawaida, yaani noti zilizopangwa kwa mfuatano wa kupanda au kushuka, ina noti saba, ilhali kipimo kina nafasi nane. Ukishuka ngazi nzima, upungufu wa mizani moja unazisukuma noti za kodi zianguke nje ya pigo. Wapiga bebopu walitia noti ya nane katikati. Kwenye kodi ya C saba, kwa mfano, ngazi inakuwa C, D, E, F, G, A, B bemoli, B. Sasa noti za kodi zinaangukia kwenye pigo na nyingine zinapita kati yake. Huhitaji kuzitaja majina. Kinachohitajika ni kusikia kwamba uzito unaangukia mahali pake, kama vina.

Mara ya tatu sikiliza kuchelewa. Gonga mguu na toazi, halafu angalia noti za Dexter Gordon zinaanza lini. Zinaanza nyuma kidogo ya mguu wako. Yeye hapotezi mwendo. Amekaa nyuma yake, ameegemea, anavutwa na besi. Kama husikii, punguza kasi ya kicheza muziki hadi 0.75. Mapigo 240 yatakuwa 180, na kule kuchelewa kutarefuka kwa theluthi. Usiende hadi 0.5, kwani matoazi yanapasuka na sauti ya saksafoni inageuka mlio wa mashine.

Mara ya nne msikilize mpiga drams akimjibu. Karibu na mwisho wa wimbo wengi hupokezana vipimo vinne vinne, saksafoni kisha drams. Hesabu inaendelea hata besi ikinyamaza, na hapo ndipo utajua kama umeshika umbo kweli.

Umri unasikika wapi

Chukua "It's You or No One" ya Jule Styne na Sammy Cahn, iliyoimbwa na Doris Day mwaka 1948. Dexter Gordon aliirekodi studioni mwezi Mei 1961 kwenye albamu "Doin' Allright", akiwa na miaka 38. Aliipiga tena Desemba 1976 kwenye klabu ya Village Vanguard, New York, akiwa na miaka 53, na ikatoka kwenye albamu "Homecoming". Kati ya rekodi hizo aliishi Ulaya, hasa Copenhagen, miaka 14 hivi. Village Vanguard ni chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la pembetatu, kidogo, kinachotumika tangu 1935, kwa hiyo hadhira iko karibu na maikrofoni na mwangwi ni mdogo. Unasikia watu wakimpokea.

Zisikilize mfululizo na karatasi yako ya pumzi. Zingatia noti ndefu za chini, zile zenye hewa nyingi kuliko mlio, ambazo mpulizaji huzipata kwa kulegeza midomo juu ya ulimi wa mwanzi, kile kipande chembamba kinachotetemeka mdomoni mwa saksafoni. Zingatia mtetemo unaochelewa kuanza hadi noti inakaribia kufa. Zingatia vipande vya nyimbo nyingine anavyovichomeka, desturi aliyoipenda mno, na jinsi ukumbi unavyocheka au kushtuka. Na zingatia anavyomwachia nafasi Woody Shaw kwenye tarumbeta na Louis Hayes kwenye drams.

Katika chumba hichohicho, tarehe 28 hadi 30 Julai 1977, alirekodiwa Art Pepper, mpiga alto kutoka California aliyekuwa na miaka 51, amepita magereza na miaka mingi ya kimya. Toleo kamili la siku hizo lina CD 9, hazina kwa anayetaka kuona siku moja inavyotofautiana na nyingine. Alto yake imekaza, na mara kwa mara anaisukuma hadi inalia kwa makusudi. Asiyezoea hudhani ulimi wa mwanzi umekauka. Namna ya kutofautisha ni hii: mlio wa bahati mbaya ni mfupi na mpulizaji anauacha, ila ule wa makusudi anaurudia au anaujibu. Drams zinapigwa na Elvin Jones, aliyekuwa amepiga katika chumba hichohicho tarehe 3 Novemba 1957, nyuma ya mpiga saksafoni Sonny Rollins. Rekodi ile ya Rollins haina piano kabisa. Kodi zimo kwenye besi tu. Iache hadi hesabu yako iwe imara, halafu itakulipa.

Kasoro za rekodi, usizilaumu kwa mpulizaji

Rekodi za jukwaani zina madonda yake. Dean Benedetti, shabiki wa Parker, alimrekodi klabuni mwaka 1947 na 1948, lakini alizima mashine kila Parker alipomaliza solo. Ni urithi mkubwa, ila vipande vinaanza na kukatika bila umbo, kwa hiyo mwanafunzi asianzie hapo. Katika tamasha la Massey Hall, Toronto, tarehe 15 Mei 1953, besi ilisikika hafifu mno, mpiga besi Charles Mingus akairekodi upya baadaye juu ya kanda. Ukihesabu kwa besi kwenye toleo hilo, jua unafuata kitu kilichoongezwa. Siku hiyo Parker alipiga alto ya plastiki aina ya Grafton.

Upande mmoja wa sahani ya santuri hubeba dakika 20 na ushee, hivyo solo nyingi zilikatwa. Dalili ni mbili: hesabu yako inaruka, na kelele za ukumbi zinabadilika ghafla. Tafuta toleo la baadaye lenye wimbo mzima. Na kama saksafoni inasikika nyembamba kupita kawaida, pima kwa programu ya kurekebishia gita. Ala zote zikiwa juu kwa nusu hatua (umbali wa noti moja hadi jirani yake kwenye piano), huenda kanda imekwenda mbio kwa karibu asilimia 6.

Rollins mara mbili

Zoezi la mwisho ni "Without a Song". Rollins aliurekodi mwaka 1962 kwenye albamu "The Bridge", baada ya kujiondoa jukwaani na kufanya mazoezi kwenye daraja la Williamsburg. Alikuwa na miaka 31. Aliupiga tena Boston tarehe 15 Septemba 2001, akiwa na miaka 71, siku nne baada ya shambulio lililoangusha majengo ya World Trade Center karibu na alipokuwa akiishi. Tamasha hilo lilirekodiwa na shabiki aliyekuwa ukumbini, likatolewa mwaka 2005. Mpiga besi katika rekodi zote mbili ni Bob Cranshaw. Mwaka 1962 anapiga besi kubwa ya mbao, mwaka 2001 ya umeme. Mfuate yeye kwanza, kama ulivyofanya kwa "Billie's Bounce", kisha panda kwa Rollins.

Wakongwe hawa hupenda kumaliza wimbo peke yao, bendi ikiwa imenyamaza. Ukisikia besi imesimama na saksafoni inaendelea, vipimo vimekwisha. Tuliza mguu, usihesabu tena, msikilize anavyovuta pumzi hadi atakapowaita wenzake kwa noti ya mwisho.